Uzi wa Pajani

Jumapili ya pili baada ya Kalunde kuzikwa, kwaya ya parokia ya Mtakatifu Zita ilipomaliza kuimba Mwanakondoo, Padre Titus alichukua siborio, kikombe cha mkate wa komunyo, akashuka ngazi za altare, akawapita waumini waliokuwa wamejipanga mbele wakimngojea, na kutembea katikati ya kanisa mpaka kwenye benchi la mwisho la upande wa kushoto, lile lililo karibu na ndoo ya maji ya baraka. Hapo akasimama. Waumini waligeuka, wakapanga foleni upya kuelekea nyuma, na komunyo ikagawiwa karibu na mlango, ambapo upepo wa mlimani ulikuwa ukiingia na kuchezea vitambaa vya akina mama.

Nzilani alikuwa katikati ya foleni. Zamu yake ilipofika, kabla ya kuangalia hostia aliangalia kasula ya kijani aliyovaa padre. Aliona mashada ya zabibu kifuani yakiwa sawa, majani yakiwa sawa, na ule utepe wa dhahabu wa shingoni ukiwa umekaza mbele na kulegea nyuma, kama kamba ya mbuzi anayepelekwa sokoni. Aliijua kazi ile ni ya mkono wa nani. Alisema Amina, akapokea, akarudi mahali pake.

Misa ilipoisha aliingia sakristia kuchukua nguo za kufua, jinsi alivyokuwa akifanya kila Jumapili tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Padre Titus alikuwa akijivua kasula kwa uangalifu. Alikuwa mtu mpole, mtoto wa mchongaji vinyago wa Wamunyu, na kitu kilichotengenezwa kwa mkono hakukivuta hovyo.

"Mama Muli," alisema, kwa sauti ya mtu anayelalamika kwamba kiatu kinambana, "hii nguo imenivuta."

"Nimeona, Fatha," Nzilani alijibu.

"Utaweza kuitengeneza?"

Nzilani aliigeuza ndani nje, akapitisha vidole kwenye bitana, akachungulia mishono ya mabega. "Haijaharibika. Inaenda tu kwa benchi ya Kalunde."

Padre alifikiri kidogo. "Lakini Kalunde tulimzika."

Neno hilo, tulimzika, lilimchoma Nzilani, maana padre hakuwepo.  Alikunja kasula, akaiweka juu ya alba, kanzu nyeupe ya ndani, akatoka nazo kupitia mlango wa nyuma.

Chumba cha kushonea cha Mtakatifu Zita kiko nyuma ya kanisa, chini ya mabati ambayo mvua ikinyesha hakuna anayesikia mwenzake. Kilianzishwa na masista wa ng'ambo waliokwisha rudi kwao zamani, na kasula zake huvaliwa na mapadre mpaka upande wa Kitui. Kazi ya pale ni ya sindano tupu, bila mashine, na taabu yake kubwa ni uzi wa dhahabu. Uzi huo unaoletwa kutoka Nairobi ni mwembamba na hauna adabu. Ukiutia kwenye sindano jinsi ulivyo, unachanuka kabla hujamaliza jani moja la mzabibu.

Dawa yake wanawake wa pale waliijua kabla ya kufundishwa kutarizi, maana wote walikuwa wamesuka viondo nyumbani. Unaketi chini, unanyoosha mguu, unapandisha nguo juu ya goti, unalaza nyuzi tatu kwenye paja na kuzisukuma kwa kiganja mpaka ziwe uzi mmoja. Sista mkubwa alipowakuta wakifanya hivyo alibadilika rangi. Alisema uzi wa altare hauwezi kupitia kwenye paja la mwanamke, akaagiza kwa fundi ubao laini wa kusokotea. Ubao huo upo mpaka leo. Vikombe vya chai huwekwa juu yake.

Kwa hiyo hakuna kasula iliyotoka pale bila kupita pajani, na paja lililosokota nyuzi nyingi kuliko yote lilikuwa la kushoto la Kalunde. Lilikuwa limeng'aa kwa kazi. Wenzake walimtania kwamba angeweza kujitazamia ndani yake akifunga kitambaa. Nzilani, akiwa amesimama na pasi mkononi siku ile, aliona jambo liko wazi kabisa: uzi ulikuwa umezoea mguu, na mguu ulikuwa umezoea benchi.

Sababu ya Kalunde kukaa kwenye benchi lile ilikuwa ni Kamanthe.

Kamanthe alikuwa mtarizi wa kwanza wa parokia, mjane asiye na mtoto. Ndiye aliyewafundisha kazi Kalunde na Nzilani walipokuwa wasichana. Uzee ulipoanza kumbishia hodi alifanya kile ambacho wanawake wa Ukambani walio katika hali yake wamekifanya tangu zamani: alimwoa Kalunde. Mbuzi walipelekwa kwa kina Kalunde, wazee wakanywa, na Kalunde akaingia katika boma la Kamanthe akiwa iweto, yaani mwanamke aliyeolewa na mwanamke ili nyumba isife. Akazaa watoto na mwanamume aliyempenda mwenyewe, na watoto wakaitwa kwa jina la nyumba ya Kamanthe. Majirani hawakuona ajabu yoyote.

Kanisa ndilo lililokosa mahali pa kuiweka ndoa hiyo. Paroko wa wakati ule aliwanyima komunyo wote wawili, mwoaji na mwolewa, wakahamia benchi la mwisho, pamoja na wake wa pili na wale ambao waume zao walikuwa hawataki kusikia habari za harusi. Jumatatu mpaka Ijumaa walitarizi zabibu na ngano za altareni. Jumapili walikaa nyuma na kuzitazama kwa mbali.

Kamanthe alipofariki, paroko alimwita Kalunde. Alimwambia sasa njia imefunguka. Alitakiwa tu kukiri kwamba ndoa ile ilikuwa kosa, asamehewe, arudi mezani. Kalunde alimuuliza, "Kosa ni gani, Fatha? Ni Kamanthe ama ni watoto?" Kisha akarudi kwenye benchi lake. Alikaa hapo mpaka alipougua.

Alipokufa, jeneza lake halikuingizwa kanisani. Mwangangi, katekista, ndiye aliyetumwa nyumbani, naye alikuja bila joho, akasoma sala fupi inayoweza kusomwa kwa mtu yeyote, akatazama saa yake. Kalunde alizikwa shambani, kwenye tuta la pili chini ya nyumba, kati ya mbaazi, kando ya Kamanthe. Tangu siku hiyo Nzilani, akitoka kazini jioni, hakwenda kwao moja kwa moja. Alishuka kwanza kwenye tuta lile, akang'oa majani yaliyoanza kuota kaburini, akasimama kidogo, kisha akaendelea na safari. Hakuwa akiomba. Alikuwa akimpa Kalunde habari za kazi.

Jumapili iliyofuata kasula ya kijani ilikwenda tena. Ikaja sikukuu ya shahidi fulani, padre akavaa nyekundu, nayo ikaenda. Padre mgeni kutoka Mlolongo, mtu mzito aliyewahi kucheza mpira wa vikapu, alivalishwa nyeupe bila kuambiwa chochote, na yeye pia akapelekwa mpaka kwenye ndoo ya maji ya baraka. Baadaye alisema parokia hiyo ina utaratibu mzuri. Mwangangi alijaribu siku moja kuishika kasula kwa nyuma akijifanya anainyoosha, akaburutwa na viatu vyake vya ngozi mpaka nusu ya kanisa. Hakurudia.

Watu walizoea. Wazee wenye magoti mabovu, waliokuwa wakikaa karibu na mlango kwa ajili ya kuwahi nje, walifurahi kwamba komunyo sasa inawafuata. Aliyeudhika ni Ndunda, mwenye machimbo ya mawe upande wa Lukenya. Alikuwa amelinunulia kanisa mabenchi ya mbele na la kwanza kabisa lilikuwa na kibao cha shaba chenye jina lake. Aliandika kwenye kundi la WhatsApp la halmashauri ya parokia kwamba haifai mfadhili kuwa wa mwisho kupokea. Halmashauri ilikaa na kuliona jambo hilo kuwa la haki. Kibao kilifunguliwa skrubu zake mbele na kufungwa nyuma, kwenye benchi la Kalunde.

Wanawake wa benchi la mwisho waliombwa kupisha. Nafasi pekee zilizobaki wazi zilikuwa mbele, chini ya altare, na huko ndiko walikopelekwa. Sasa walikaa karibu na tabenakulo kiasi cha kuona kutu kwenye bawaba zake, huku komunyo ikigawiwa upande wa pili wa kanisa, nyuma ya migongo yao. Mmoja wao alimwambia Nzilani kwamba angalau sasa anasikia mahubiri.

Padre Titus hakuwa mtu wa kufurahishwa na vibao vya shaba. Aliwapigia simu wakubwa wake mjini, akawaeleza yote. Walimsikiliza vizuri. Walimjibu kwamba kasula iendelee kutumika, kwa kuwa ilibarikiwa inavyotakiwa, na kwamba kuhusu Kalunde msimamo ni ule ule.

Alasiri moja mwishoni mwa Oktoba, mvua za vuli zikiwa zimeanza, padre alikuja kwenye chumba cha kushonea na kumkuta Nzilani akiwa peke yake. Alivuta kigoda, akaondoa vikombe kwenye ubao wa sista, akauweka magotini ili apate mahali pa kuegemeza mikono.

"Mama Muli, mimi ningependa kumsomea huyo mama misa."

Nzilani alishusha sindano.

"Lakini siwezi nikaamka tu niseme namsomea. Lazima niwe na kitu ya kushika." Aliuzungusha ubao. "Wewe ulikuwa na yeye hospitali ile siku ya mwisho. Alisema nini?"

"Alisema juu ya uzi."

"Uzi gani?"

"Ya ile kasula ya zambarau hakumaliza. Alisema nisiwache uzi ya mashine iguse hiyo shingo."

"Hakusema kitu ingine? Hakusema kuna mahali alikosea?"

"Hapana."

Padre aliugeuza ubao. Nje maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye mabati na kuanguka kwenye pipa. "Mtu akiwa mgonjwa sana," alisema polepole, "anaweza kutubu hata kwa macho. Si lazima mdomo. Ukiniambia ulimwona akitubu na macho, hiyo inanitosha. Naweka misa Jumamosi, napeleka mpaka kwaya nyumbani kwake. Na hii mambo ya nguo naona itaisha."

Alisema hivyo kwa nia njema, na hilo ndilo lililomtesa Nzilani. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi.

Maana alikuwa na ahadi. Mwaka ambao Kalunde alianza kukohoa, wakiwa wawili wamenyoosha miguu sakafuni wakisokota, Kalunde alimwambia, "Wewe ndiye unakulanga komunyo pale mbele. Nikienda, wakikataa kunisomea, uwaulize." Nzilani alimjibu, "Utasomewa. Niko." Sasa alikuwa hapo, na misa ilikuwa hapo, na kilichokuwa katikati ni sentensi moja fupi kuhusu macho. Angeweza kuisema bila hata kuweka sindano chini. Alimwomba padre ampe mpaka kesho.

Jioni alishuka kwenye tuta la pili. Alimkuta Nthenya, binti mkubwa wa Kalunde, akikata mbaazi zilizolala kwa mvua. Alimweleza kila kitu, hata ile sehemu ya kwaya, kwa kuwa Nthenya alipenda kuimba.

Nthenya aliegemea jembe. "Wewe unataka kusema, Mwaitu?" alimuuliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Nataka asomewe. Nilimwambia atasomewa."

"Na ukisema alitubu, alitubu nini?" Nthenya hakupandisha sauti. "Alitubu kuolewa na Kamanthe. Sasa sisi tulizaliwa nyumba gani?"

Nzilani alitazama makaburi yale mawili, la mwoaji na la mwolewa. Lile la zamani lilikuwa limekwisha kaa chini. Lile jipya lilikuwa bado na udongo uliovimba. Alimlilia Kalunde hapo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kilio cha chini kisicho na maneno. Nthenya aliendelea na mbaazi mpaka kikaisha, kisha akampa kanga ajifute.

Asubuhi Nzilani alimkuta padre kwenye baraza ya nyumba yake akipiga mswaki.

"Fatha, macho yake yalikuwa yamefungwa," alisema.

Padre alitema, akasukutua, akatikisa kichwa taratibu. "Basi," alisema. Walisikitika wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, na Nzilani akaenda kazini.

Siku hiyo alitoa kasula ya zambarau kwenye kabati. Ilikuwa imebaki shingo peke yake. Zambarau ndiyo huvaliwa siku ya Kumbukumbu ya Marehemu Wote, na ile ya zamani ilikuwa imeliwa na panya, kwa hiyo kazi haikuweza kungoja. Ndani ya mfuko wa Kalunde alikuta kidonge cha uzi wa dhahabu ambao marehemu alikuwa amekwisha sokota. Aliupima kwa macho: ulitosha nusu ya shingo. Aliketi sakafuni, akanyoosha mguu wake mwenyewe, akapandisha nguo juu ya goti, akasokota uzi wa nusu iliyobaki. Paja lake halikuwa laini kama la mwenzake na uzi ulimuuma, lakini ulitoka mzuri. Aliuunga na ule wa Kalunde, akatarizi mpaka shingo ikafunga.

Alipoipeleka sakristia, padre aliishika mabegani akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Aliisifu. Kisha akauliza, "Hii nayo itaenda?"

"Itaenda, Fatha."

"Benchi tu?"

Nzilani hakuwa mtu wa kuficha mambo ya kazi. "Huko kwa shingo tuko wawili. Kalunde anaenda benchi. Mimi miguu yangu inajua njia ingine."

Padre hakuuliza njia gani. Siku ya marehemu, waliokaa mbele waliona kwamba chini ya alba alikuwa amevaa viatu vya raba.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri ikakata. Kanisa lilijaa. Mwangangi alisoma majina ya marehemu wa parokia, akianza na mama yake Ndunda, na alipomaliza alikunja miwani. Jina la Kalunde halikuwamo, kama lilivyokuwa halimo jina la Kamanthe miaka yote. Nzilani alikuwa amejua halitakuwamo na bado alilisubiri mpaka jina la mwisho.

Baada ya Mwanakondoo, kasula ya zambarau ilimshusha padre altareni. Ikampitisha kwa wale wanawake wa mbele, waliovuta miguu yao ili asijikwae, ikamfikisha kwenye benchi la mwisho. Ndunda alikuwa tayari amekunja mikono kupokea. Kasula ilitulia hapo kidogo, kiasi cha mtu anayechukua mkoba wake ulioachwa chini, halafu ikatoka mlangoni.

Mwangangi alichukua kengele. Watumishi walichukua mishumaa. Kwaya ilimwangalia mwalimu wao, mwalimu akawaanzishia wimbo wa safari, na watu wote wakatoka. Walimfuata padre kupita kinu cha posho, kupita kisima, wakashuka matuta mmoja mmoja wakishikana mikono kwenye utelezi. Mwenye kinu alizima mashine ili kelele isiingiliane na wimbo, kisha akawasha tena walipokwisha pita. Padre alitembea vizuri. Tope jekundu lilishika pindo la kasula na alba, na Nzilani aliyekuwa nyuma yake alihesabu moyoni kazi ya kufua.

Kwenye tuta la pili, kati ya mbaazi, kasula ilisimama. Nthenya, aliyekuwa akipika, alitoka jikoni akifuta mikono, akaja kusimama kando ya kaburi la mama yake. Kwaya ikamaliza ubeti na kunyamaza.

Pindo la kulia la kasula likapanda, na mkono wa padre ukapanda nalo. Kati ya vidole vyake kulikuwa na hostia. Alikuwa ameinyoosha juu ya udongo uliovimba, kwa urefu wa mdomo wa mtu aliyepiga magoti.

"Mwili wa Kristo," alisema Padre Titus, kwa kuwa mkono ukiwa hapo hilo ndilo husemwa.

Hakuna aliyejibu. Upepo ulipita kwenye mbaazi. Padre alijaribu kushusha mkono, ukakataa. Akajaribu tena, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Ndunda alitazama saa. Mkono uliendelea kuwa juu, na ikawa dhahiri kwa kila mtu kwamba ulikuwa ukingoja kile ambacho mkono kama huo hungoja.

"Amina," alisema Nthenya.

"Amina," walisema wanawake wa benchi la mwisho, waliokuwa wamesimama pamoja kwenye ukingo wa tuta kwa mazoea.

 Nzilani alilisema la mwisho, peke yake, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka.

Shingo ya kasula ikalegea. Mkono wa padre ukashuka taratibu mpaka kifuani. Padre aliitazama hostia. Alilitazama kaburi, kwa muda, na Nzilani akaona uso wake umejaa huruma ya kweli. Kisha akairudisha hostia ndani ya siborio pamoja na zile nyingine.

Foleni ilipangwa katikati ya mbaazi, Ndunda akiwa wa kwanza. Wanawake wa benchi la mwisho walisogea pembeni ili wenye kupokea wapite, wakashika matawi yasiwachape usoni. Nzilani hakuingia kwenye foleni. Alikuwa na hasira, na hakutaka kuimeza hasira hiyo pamoja na kitu kingine. Alisogea pembeni na wale wanawake, nao wakampa nafasi bila kumuuliza.

Komunyo ilipokwisha, Nthenya alimkaribia padre kwa heshima. "Fatha, sasa hii ilikuwa misa yake?"

Padre Titus alifunika siborio. "Hii ni misa ya marehemu wote," alisema. "Imepitia tu hapa." Alikung'uta kiatu kimoja, akauliza kama kuna njia ya mkato ya kurudi kanisani. Nthenya akamwonyesha.

Halmashauri ilikutana wiki hiyo. Iliamua kwamba, kwa kuwa jambo hilo litarudi kila mwaka, familia iombwe kupanua njia na kuweka mawe mahali penye utelezi, kwa usalama wa wazee. Ndunda aliahidi mawe. Ombi la pili lilimhusu Nzilani: apandishe pindo la kasula ya zambarau kidogo, ili mwakani lisishike tope. Ombi la kumsomea Kalunde halikuwepo kwenye mazungumzo.

Jumatatu Nzilani alifua tope la kaburi kwa sabuni ya mche, akaanika kasula kivulini, akaipiga pasi upande wa ndani. Alichora mstari wa pindo jipya kwa chaki. Halafu akaketi sakafuni, akanyoosha mguu, akapandisha nguo juu ya goti, akalaza nyuzi tatu kwenye paja na kuanza kusokota uzi wa pindo hilo.